Mujinga wa Chumba cha Kumi na Saba

Jina lake ni Mujinga, na msicheke.
Kwao ndilo jina la mtoto aliyezaliwa
kiungamwana kimemviringa shingoni,
akachelewa kulia, kisha akalia
hadi mkunga akasema: huyu hatanyamazishwa na mtu.

Anasoma mimea, mwaka wa tatu, hapa Kasapa.
Tunalala wanne juu ya vitanda viwili,
na chini ya godoro letu, mimi na yeye,
kuna magazeti ya zamani, na ndani ya magazeti kuna majani
anayoyakausha kwa uzito wetu.
Nikigeuka usiku hunifinya:
"Taratibu, unamvunja mtu mkono."

Mimi nasoma sheria. Nilifuata joho jeusi
na kile chumba ambacho ukiingia watu husimama.
Yeye alifuata ua.

Ua lenyewe halifiki hata gotini,
rangi yake kama wino uliodondokea maji,
na huota pale ambapo shaba iliyo chini
imeua karibu kila kitu kingine.
Watu wa zamani walijua: penye moshi pana moto,
penye ua hili, chimba.

Jumamosi moja alinipeleka kuliona
nyuma ya machimbo yaliyofungwa, ardhi tupu
kama sahani iliyolambwa.
Akapiga magoti. Kanisani sijamwona hivyo.
"Halikimbii sumu," akanong'ona. "Linaila kidogo kidogo,
linaificha majanini,
kama mama anavyofunga pesa kwenye ncha ya kitenge."
Anataka kujua linawezaje.
Anataka siku moja shamba la bibi yake, njia ya Kipushi,
ambako mahindi hutoka manjano na kufa yakiwa na urefu wa kidole,
lipandwe ua hili mpaka udongo utakate.
Akisema hayo hutanua vidole, mate yanamruka.
Na mimi, ninayekariri vifungu mia kabla ya Jumatatu,
naona wivu. Sikijui hata kimoja
ambacho ningekipigia magoti.

Sasa sikilizeni.

Kaka yake, Kyungu, ni mchimbaji wa usiku,
wale wanaoingia kwa tundu la uzio na kutoka na gunia.
Minervali ya Mujinga ni mgongo wa Kyungu.
Silabi zake, karatasi zake, hata ile lenzi ya mkononi.
Juzi alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kucha zake kijani, akala bukari yetu na sombe,
akaliona ua ndani ya gazeti.
"Hili, dada, linaota wapi tena?"

Mimi najua kifungu kinachomkataza kuchimba.
Mujinga anajua ua linalomwonyesha pa kuchimba.
Umeme ukakatika papo hapo, kama kawaida,
nikaishukuru kampuni ya umeme
kwa mara ya kwanza maishani.
Gizani nilisikia kijiko. Kisha pumzi.
"Shimo limemla mtoto wa Kabulo," Kyungu akasema,
bila kutisha, kama mtu anayetaja bei ya unga.
"Udongo wa kule umeoza. Natafuta tu pagumu zaidi."

Mujinga, yule asiyenyamazishwa, alinyamaza.
Baadaye alimsindikiza kaka yake hadi barabarani.
Walichosemezana huko sikijui, sikuuliza.

Asubuhi alibandika ua kwenye karatasi ngumu,
akaandika jina la Kilatini, tarehe, jina lake.
*Mahali:*
akaacha wazi.
Asistenti alimkata alama nne kwa wino mwekundu,
akaandika pembeni: uzembe.

Usiku huu ameng'ata simu, tochi inamulika daftari,
anachora mizizi unywele kwa unywele.
Zile alama nne, anasema kwa meno yaliyofumba,
atazirudisha kwenye kemia.
Mimi nimelala juu ya majani yake.
Sijigeuzi.